Bangi na Daftari la Serikali

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi wa vidato vya juu)



Katibu wa chama chetu aliponiandikia alinieleza kwamba kidato cha tano na cha sita walifanya mdahalo muhula uliopita juu ya hoja isemayo kuwa bangi ihalalishwe, na kwamba kelele zilizidi hoja. Akaniletea muhtasari wa mdahalo wenyewe. Nimeusoma wote. Mwandiko unasomeka, jambo ambalo enzi zetu halikuwa la kawaida. Lakini nimeona kitu kimoja ndani yake. Upande uliounga mkono ulisema, "Uruguay wameiachia, Kanada wameiachia, Ujerumani wameiachia, kwa nini sisi tusiiachie?" Upande uliopinga ukajibu kwamba hao walioiachia watakuja kujuta. Basi pande zote mbili, pamoja na kupigana kote kule, zilikubaliana juu ya neno moja, nalo ni "kuachia". Hilo ndilo neno nililokuja kugombana nalo.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa ya leseni za biashara, vileo vikiwamo. Sikuja hapa kama daktari, wala polisi, wala shehe, wala padri. Mtu wa leseni hulitazama jambo kwa namna yake. Kitu kikiwa haramu, kazi ya serikali juu yake ni moja: kukitafuta na kukikamata. Kikihalalishwa, kazi huwa ishirini. Nani atalima, na wapi? Nani atapima ukali wake? Nani atauza, saa ngapi, kwa bei gani? Mnunuzi ana umri gani, na ameshanunua kiasi gani mwezi huu? Stakabadhi iko wapi? Ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini, na mkaguzi alikula wapi siku hiyo? (Wenzangu wa idara ya biashara mnacheka kwa sababu mnajua ninachosema.)

Kwa hiyo naomba tuiangalie nchi moja kwa kituo, badala ya kutaja nchi kumi kwa mbio. Nchi hiyo ni Uruguay, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia nyingine zote duniani kutunga sheria ya namna hii kwa taifa zima.

Uruguay ni nchi ndogo ya Amerika ya Kusini, iliyobanwa kati ya Brazil na Argentina. Watu wake ni kama milioni tatu na nusu. Wapenzi wa kandanda mnaijua kwa Kombe la Dunia la kwanza la mwaka 1930, ambalo walilichukua wao. Tangu mwaka 1974 sheria yao haikumfunga mtu aliyekutwa na bangi kidogo ya kutumia mwenyewe. Hakimu ndiye aliyepima kama ni kidogo kweli. Lakini kulima na kuuza kulibaki kosa. Ikawa hivi: mtu anaruhusiwa kuvuta, ila pa kununua ni kwa mhalifu tu. Katikati ya mwaka 2012, wananchi wakiwa wanalalamikia ujambazi, serikali ya Rais José Mujica ilileta pendekezo kama sehemu ya mpango wa usalama: serikali yenyewe iichukue biashara hiyo kutoka mikononi mwa magenge. Mujica huyu alikuwa mpiganaji wa msituni katika ujana wake, akakaa gerezani miaka mingi chini ya wanajeshi hadi 1985. Alifariki Mei 2025. Yeye hakusema kwamba bangi ni nzuri. Hoja yake ilikuwa kwamba kuiacha kwa magenge ni kubaya zaidi.

Angalieni lilivyopita. Baraza la chini lilipiga kura tarehe 31 Julai 2013, kwa kura 50 katika wajumbe 96. Seneti ikapitisha tarehe 10 Desemba 2013, kura 16 kwa 13. Kura za maoni zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wananchi hawaitaki sheria hiyo. Sasa, serikali iliyopita kwenye tundu dogo namna hiyo haiwezi kufanya uzembe. Ikaunda taasisi maalumu ya kusimamia bangi, kisha ikaanza kuandika kanuni, na kuandika kwenyewe kukachukua miaka.

Kanuni zenyewe ni hizi. Mtu mzima wa miaka 18 na zaidi, awe raia au mkaazi, anachagua njia moja kati ya tatu. Anaweza kulima nyumbani miche isiyozidi sita, na mavuno yasiyozidi gramu 480 kwa mwaka. Au anajiunga na kilabu cha wakulima chenye wanachama 15 hadi 45, kisichozidi miche 99. Au ananunua katika duka la dawa, gramu 10 kwa wiki na zisizozidi 40 kwa mwezi. Ukichagua njia moja, mbili umezikosa. Na kila njia ina daftari. Anayetaka kununua huenda posta na kitambulisho chake, huandikishwa na kuchukuliwa alama za vidole. Akifika dukani huweka kidole kwenye mashine, na mashine humwambia muuzaji kama mgao wake umekwisha. Matangazo ya biashara ni marufuku. Dereva akipimwa akakutwa nayo mwilini ana kesi. Mgeni wa kitalii haruhusiwi kununua hata gramu moja. Bangi ya madukani ililimwa na makampuni mawili tu kwa kuanzia, kwenye ardhi ya serikali iliyo karibu na gereza, chini ya ulinzi.

Mauzo ya madukani yalianza tarehe 19 Julai 2017. Hesabuni: miaka mitatu na nusu baada ya sheria. Siku hiyo maduka ya dawa yaliyokubali yalikuwa 16 nchi nzima, na waliojiandikisha kununua walikuwa karibu 5,000. Bei iliwekwa chini makusudi, kama dola moja na senti thelathini kwa gramu, ili mlanguzi ashindwe.

Je, ndugu zangu, huko ni kuachia? Mimi nimewahi kutoa leseni za baa, na sijapata kumwona mnywaji wa bia akiweka kidole kwenye mashine.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha juu ya nchi hiyo. Nchi hiyo hiyo iliyohalalisha bangi ndiyo mojawapo ya nchi kali kabisa duniani juu ya sigara. Mwaka 2006 ilipiga marufuku kuvuta tumbaku ndani ya majengo ya umma na mahali pa kazi. Baadaye ikaamuru picha za maonyo zifunike asilimia 80 ya pakiti. Kampuni ya Philip Morris ikaishtaki mbele ya waamuzi wa kimataifa, na kampuni ikashindwa Julai 2016. Kwa hiyo wasemao kwamba watu wa Uruguay walilegea hawaijui Uruguay. Mkono uliobana tumbaku ndio ulioshika bangi, kwa fikra ile ile: kitu kinachodhuru kionekane, kihesabiwe, kisipambwe.

Lakini nisiwapambie mambo. Daftari lilileta matatizo yake. Wapo wavutaji ambao hawakutaka majina yao yaandikwe serikalini hata kidogo, na ukikumbuka kwamba nchi ile ilitawaliwa na wanajeshi hadi 1985 huwezi kuwalaumu. Hao walibaki kwa mlanguzi au kwa rafiki alimaye. Watalii nao, waliokatazwa kununua, hawakuacha kutafuta. Halafu bangi ya serikali ilikuwa hafifu; wanunuzi wakanung'unika, na mwisho wa mwaka 2022 ikabidi aina kali zaidi iongezwe dukani. Hapo pana mtego ambao mtu wa leseni anaujua vizuri. Ukiuza hafifu, mteja anarudi uchochoroni. Ukiuza kali, daktari anakuuliza kama wewe ni serikali au ni mlanguzi mwenye mhuri.

Pigo kubwa lilitoka mahali ambapo pengine hakuna mbunge aliyepatazama. Agosti 2017, wiki chache tu baada ya mauzo kuanza, Banco República, ambayo ni benki ya serikali yenyewe, iliyaambia maduka ya dawa kwamba yakiendelea kuuza bangi akaunti zao zitafungwa. Kwa nini? Kwa sababu benki ile hushughulika na mabenki ya Marekani, na sheria ya shirikisho ya Marekani huihesabu fedha ya bangi kuwa fedha ya dawa za kulevya. Fikirieni: bunge limepitisha, rais ametia sahihi, mwenye duka amepewa leseni, na benki ya serikali hiyo hiyo inakataa fedha zake. Maduka mengine yalijitoa. Yaliyobaki yakauza kwa fedha taslimu. Nchi ndogo huweza kutunga sheria yake, lakini fedha hupita katika mlango ambao ufunguo wake uko kwa mwingine. Kila nikisoma habari hiyo hukumbuka madeni yetu na mabenki yetu, na hunyamaza kidogo.

Sasa nije kwa kijana wa kidato cha tano aliyesema katika mdahalo kwamba kodi ya bangi ingejenga mabweni. Hakusema upuuzi. Katika jimbo la Colorado nchini Marekani, wapiga kura walikubali kuhalalisha Novemba 2012, maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014, na sehemu ya ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 imetengwa kwa ujenzi wa shule. Hilo ni kweli. Ila ili ushuru huo upatikane, kila mche katika mashamba yenye leseni huvishwa kibandiko chenye namba, na namba hiyo hufuatwa kutoka shambani hadi kaunta. Na mapato yakishazoeleka huleta mazoea mabaya. Huko mapato yalifikia kilele mwaka 2021, kisha yakashuka kwa sababu bei ilianguka na majimbo mengine nayo yakafungua maduka. Bweni linahitaji bati kila mwaka, bangi ishuke bei isishuke. Mimi binafsi nisingependa shule hii ikae ikiombea watu wavute zaidi.

Nchi iliyoachia kweli, kwa maana ile ya mdahalo wenu, naijua moja. Thailand iliifuta bangi katika orodha ya dawa za kulevya tarehe 9 Juni 2022. Waziri wa Afya alikuwa ametangaza kugawa miche milioni moja majumbani. Lakini sheria ya kusimamia biashara yenyewe ilikuwa bado iko bungeni, na bungeni ikafia. Basi mlango ulifunguliwa kabla ya kuweka bawabu. Maduka yakaota kwa maelfu, mengine katika mitaa ya watalii, na Wizara ikawa inakimbia nyuma ikitoa amri moja moja: leo ni marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 20, kesho hili, keshokutwa lile. Juni 2025 serikali ikageuka: maua ya bangi yasiuzwe ila kwa cheti cha daktari. Muulizeni mkulima aliyekopa fedha za kujenga banda la kuoteshea, au kijana aliyepanga fremu ya duka kwa miaka mitatu, nini maana ya serikali kuanza na tamko na kumalizia na kanuni. Wavutaji hawakudhurika sana na kugeuka huko. Waliodhurika ni waliotii sheria ya mwaka 2022 na kuweka akiba zao humo.

Wazee mlio mbele hapa mnaweza kudhani haya ni mambo mapya. Siyo. Neno lenyewe, bangi, limetufikia kwa njia ya bahari kutoka Bara Hindi, na huko Waingereza waliiuza kwa leseni na kuitoza kodi kabla babu zetu hawajazaliwa. Mwaka 1893 iliundwa tume kuichunguza. Ilihoji mashahidi 1,193 na kutoa ripoti ya mabuku saba. Ikamaliza kwa kusema kwamba kuipiga marufuku kabisa hakufai. Afadhali kodi ya kutosha, kilimo kwa leseni tu, maduka machache, na kikomo cha kiasi ambacho mtu anaruhusiwa kuwa nacho. Wekeni maneno hayo kando ya sheria ya Uruguay ya 2013 mtadhani mmoja amenakili kwa mwingine. Marufuku ya kimataifa ilikuja baadaye, katika mkutano wa Geneva wa 1925, kwa kusukumwa na Misri, kisha ikakazwa na Mkataba wa 1961. Kwa hiyo yule msemaji aliyesema kwamba bangi imekuwa haramu "tangu enzi na enzi" apunguziwe alama. Yule aliyesema marufuku ililetwa na wazungu peke yao naye apunguziwe.

Na tusiende mbali. Mirungi ni zao halali Kenya, linalotambuliwa na sheria na lenye wakulima na magari yake yanayokimbia usiku. Ukivuka mpaka kuingia kwetu, jani lile lile ni dawa ya kulevya, na mtu anafungwa kwa ajili yake. Bado linapita, na wilayani Same linalimwa milimani. Sisemi nani amekosea kati ya nchi hizi mbili. Nasema kwamba uhalali hauoti pamoja na jani. Serikali ndiyo huutoa, na ikishautoa au kuukataa ni lazima iwe na watu wa kusimama mpakani kuulinda.

Wanafunzi, hapa nawageukia ninyi. Katika nchi zote mlizozitaja kwenye mdahalo, hakuna hata moja ambayo ingekuuzieni wengi wenu. Uruguay ni miaka 18. Colorado ni 21. Kanada, iliyohalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, iliweka 18 kuwa kima cha chini. Majimbo mengi yakapandisha hadi 19, na Quebec ikapandisha hadi 21 kuanzia Januari 2020. Mtu mzima anayemuuzia mtoto huko anaweza kufungwa hadi miaka 14. Ujerumani, iliyofungua Aprili 2024, inaruhusu vilabu vimpe mwanachama gramu 50 kwa mwezi, lakini mwenye miaka 18 hadi 21 anapewa 30 tu, tena zenye kileo kisichozidi asilimia 10. Na kuvuta mahali panapoonekana kutoka shuleni, ndani ya mita 100, ni kosa. Hawakufanya hivyo kwa kuwaonea vijana. Uchunguzi wa madaktari umeonyesha tena na tena kwamba wanaoanza mapema, wakavuta kila siku, tena ile kali, wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuchanganyikiwa akili, na kwamba kumbukumbu na masomo huathirika.

Mtaniuliza mimi nasimama wapi. Haki yenu. Kwa leo, mimi sitii sahihi maombi ya kufungua maduka ya bangi nchini mwetu. Sababu yangu siyo kwamba mbingu zitaanguka. Sababu ni gongo. Tuna viwanda vya vileo vyenye leseni, tuna stempu za kodi, tuna wakaguzi, na bado gongo inapikwa, nyingine ina sumu, na hatujui lita ngapi. Kitu ambacho tumekihalalisha miaka yote hatujaweza kukihesabu chote. Atakayenionyesha daftari la gongo nitazungumza naye juu ya daftari la bangi.

Lakini pia sikubaliani na wale wanaodhani kazi imekwisha tukishafyeka mashamba. Mamlaka yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imefyeka na kuchoma Arusha, imechoma Morogoro, imechoma Mara, na msimu ukirudi inarudi tena. Mkulima anayelima bangi mlimani analima kwa sababu hubebeka kichwani pasipo barabara na hulipa kuliko mahindi. Na kijana aliyekamatwa na msokoto mmoja mfukoni hafanani na mwenye lori, ingawa wote wawili huitwa "wa bangi" mtaani. Uruguay walitofautisha hao wawili tangu 1974, miaka 39 kabla ya kuhalalisha biashara. Afrika Kusini nao, kwa hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Septemba 2018, waliacha kumshtaki mtu mzima kwa anachotumia faraghani kwake, na kuuza bado ni kosa. Mdahalo wenu ulirukia dukani moja kwa moja, haukugusa swali la huyo kijana wa msokoto mmoja: afungwe, atozwe faini, apelekwe kwa daktari, aitwe mzazi wake? Hilo ni swali ambalo hata serikali yenye wakaguzi wachache inaweza kulijibu, na majibu yake yanagusa watu wa rika lenu kila wiki mahakamani. Ningependa kusoma muhtasari wa mdahalo huo.

Ndugu Mwenyekiti, naona mpishi ameshachungulia mlangoni mara mbili. Niko tayari kwa maswali, na naomba la kwanza litoke kwa yule kijana wa mabweni.